Alimfumba Macho

Hapo zamani, umeme wa Tanga ulipokuwa ukikatika bila kuaga, ulikatika Jumapili moja katika sinema ya saa kumi, filamu ikiwa imebakiza dakika chache tu. Kwenye filamu, mtu aliyekaa ugenini miaka kumi na mmoja alikuwa amefika kwake, ameegemea nguzo ya mlango, anakohoa. Mkewe hajatokea. Giza.

Watazamaji walipiga miluzi, wakangoja, wakachoka. Mwalimu Hatibu na mkewe, Mwanahawa, wakarudi nyumbani kwa miguu wakibishana.

"Atapona," alisema Mwanahawa. "Ameshafika kwake."

"Yule haimalizi kesho," alisema Hatibu. "Kikohozi kile nakijua."

"Haya. Jumapili ijayo tutaona nani mjuzi."

Siku ya pili, adhuhuri, Mwanahawa alianguka jikoni akafariki. Hatibu alimfumba macho kwa mkono wake mwenyewe. Jumapili ilipofika, filamu ilikuwa imeshapelekwa Moshi.

Maziko yakapita, matanga yakaondolewa, na Hatibu halali. Watu walisema ni huzuni, na huzuni ilikuwepo. Lakini lilikuwepo na jambo jingine, ambalo mtu aliyesoma chuo kikuu huona haya kulitamka. Maneno huumba. Alisema haimalizi kesho, na mkewe mwenyewe hakuimaliza. Kama yule wa kwenye filamu alikufa, basi kinywa cha Hatibu kilikuwa na kitu ndani yake. Kama alipona, basi kilikuwa kinywa tu, kilichokosea kama vinywa vingine.

Basi akatoka barazani, akasema majirani wakisikia: "Atakayenijulisha filamu ile inaishaje, nitampa sanduku la majarida ya marehemu. Lote. Siligawi."

Sanduku hilo lilijulikana. Miaka kumi na miwili ya majarida ya filamu, yamepangwa kwa miezi. Mume alipenda Pazia, kwa kuwa lilieleza hadithi ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, halina porojo. Mke alipenda Nyota, kwa kuwa lilikuwa na picha, na nani kagombana na nani, na nani kavaa nini. Walinunua moja kila mwezi, kwa zamu. Matoleo ya mwezi ule yalikuwa yamekwisha kibandani kabla hawajakumbuka ni zamu ya nani.

Wa kwanza kuja alikuwa Kombo, kinyozi. Kinyozi huyu aliwawekea wateja Pazia, kisha kurasa zilizosomwa akazichana kufutia povu la wembe. Ukurasa wenye filamu ile alikuwa ameshaufutia mtu shavu. Akapanda basi hadi Muheza kwa kinyozi mwenzake, akarudi na nakala nzima.

"Mwalimu, Pazia halifichi kitu," alisema. "Soma mwenyewe."

Hatibu akasoma. Mstari wa mwisho ulikuwa mfupi, kama ilivyo desturi ya Pazia: *Mgonjwa anafika kwake. Mkewe anamfumba macho. Mwisho.*

Akalifunga jarida. Mkono uliolifunga ulikuwa ule ule uliofumba macho ya Mwanahawa.

"Ahsante, Kombo," alisema. "Kumbe alikufa."

Siku ile hakula.

Wa pili kuja alikuwa Bi Mishi, mshonaji wa nyumba ya tatu. Yeye hakusoma hadithi kamwe. Alinunua Nyota kwa ajili ya mishono, na picha alizozipenda alizikata akazibandika ukutani juu ya cherehani. Akabandua moja kwa kisu, polepole isichanike.

"Pazia lako ni la mahakimu," alisema. "Maneno matupu. Hii ndiyo picha ya mwisho ya filamu, imeandikwa hapa pembeni. Tazama."

Hatibu akatazama. Mwanamke amenyoosha mikono mbele, anacheka hadi magego yanaonekana. Mikono yenyewe haikuonekana inakoishia. Chini ya viwiko pameanza tangazo la sabuni. Maelezo yalisema sari aliyovaa ni hariri.

"Mumewe amekufa, naye anacheka," alisema Hatibu. "Bi Mishi, hii umeniletea ya nini?"

"Nimekuletea ulichokitaka. Kama hukipendi, si kosa la mshonaji."

Wakati huo akaingia Mwanamvua, mdogo wake marehemu, na sahani ya vitumbua. Mwanamvua hakujua kusoma wala hakupata kununua jarida maishani mwake.

"Unamgombeza shemeji yangu kwa lipi?"

Wakamwonyesha picha.

"Na kile kitabu cha Kombo kinasemaje?"

"Mkewe anamfumba macho," alisema Hatibu, bila kukifungua.

Mwanamvua akaitazama picha. Akaiweka sahani chini. Akapita nyuma ya Bi Mishi, akanyoosha mikono, akamziba macho kwa viganja.

"Mimi nani?"

"Nani mwingine ananuka iliki mtaa huu?" alisema Bi Mishi. "Niachie, utanitia mafuta."

Mwanamvua hakumwachia. "Shemeji, umesoma mpaka chuo kikuu. Kwenu hamkucheza kufumbana macho? Mikono yake iko hivi. Sabuni imeikata."

Hatibu akaichukua picha, akafungua na Pazia, akaviweka pamoja magotini. Alivitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, kidogo kwanza, halafu machozi yakamtoka, akaendelea kucheka. Wakamwacha.

Alipotulia, Kombo alikuwa ameshaitwa, na maneno yakaanza.

Kombo akasema: "Sanduku ni langu. Uliuliza filamu inaishaje, nikakuletea mwisho, neno kwa neno. Pazia halikusema uongo. Uliyeelewa vibaya ni wewe."

Bi Mishi akasema: "Ni langu. Neno lako lilimlaza na njaa. Bila picha yangu angeamini kifo mpaka leo. Nami niliibandua ukutani kwangu."

Mwanamvua akasema: "Mlimletea ushahidi, kila mtu nusu yake, mkamwacha nao. Mimi sikuleta kitu. Lakini akilala usingizi leo, atalala kwa sababu yangu."

"Hata kusoma hujui," alisema Kombo. "Sanduku la majarida ulifanyie nini?"

"Niliangalie. Ni la dada yangu."

Hatibu akasema, "Nipeni mpaka kesho." Akala vitumbua vitatu, akaingia ndani, akalala mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi alikwenda makaburini. Akatoa salamu, akachuchumaa, akasema, "Alipona, Mwanahawa. Niliyekosea ni mimi." Akarudi kwa hatua za mtu aliyetua mzigo, akalitoa sanduku barazani, akaliweka mbele ya wale watatu, akasimama na ufunguo.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: ufunguo ule ungekuwa mkononi mwenu, mngemkabidhi nani?