Wabishanao Njiani Huzikiwa Mama

Wabishanao njiani huzikiwa mama. Mmeisikia asubuhi hii kwa yule mama aliyewakemea wanaume wawili, mmoja akitaka mgonjwa wao apande bajaji, mwingine akitaka pikipiki, na mgonjwa mwenyewe amekaa chini anatweta. Mkacheka, mkadhani ni tusi. Si tusi, wajukuu zangu. Sogeeni niwaambie ilikotoka, na atakayeweza kucheka nikimaliza, acheke.

Methali hii ilianzia Kondoa, na ilianza hivi.

Bi Zaina alikuwa na watoto wawili wa kiume, Athumani na Nuhu, wote wakiishi Dodoma mjini. Mumewe alipofariki, alirudi kwa kaka yake, Mzee Abasi, katika kijiji cha Kwadosa, nyuma ya vilima. Alikaa huko miaka sita. Athumani alifika mara moja tu, siku ya kumpeleka, tena mjomba wake akiwa kiti cha mbele akimwelekeza kona kwa kona. Nuhu hakufika kabisa. Si kwamba hakumpenda mama yake. Alimpigia simu kila Ijumaa, akamtumia alichojaliwa, na kila Idi ilipokaribia alimwambia, "Mwaka huu nakuja, mama." Naye mama akajibu, "Njoo mwanangu, nipo." Wengi tuko hivyo. Tunadhani mama ni kama kilima, tutamkuta palepale siku yoyote tutakayopata nafasi.

Siku moja, baada ya swala ya alfajiri, Mzee Abasi akapiga simu, ndugu wale wawili wakamsikiliza pamoja. Bi Zaina alikuwa ametangulia mbele ya haki.

"Tunazika leo," alisema. "Nitawasubiri mpaka Alasiri. Zaidi ya hapo siwezi kumweka maiti. Nimtume mtu awapokee Kondoa mjini, awaonyeshe njia?"

"Usihangaike, mjomba," Athumani akamjibu. "Nina kifaa cha ramani ndani ya gari."

"Na mimi nina simu," Nuhu akadakia.

Mzee Abasi akakubali. "Haya. Njooni mumlaze mama yenu."

Alisema hivyo kwa sababu kwa watu wale mama hulazwa na wanawe. Mtoto wa kiume hushuka kaburini, akampokea mama yake kwa mikono yake mwenyewe, akamweka ubavuni kuelekea kibla. Ndiyo mara ya mwisho ya kumbeba aliyekubeba. Nuhu aliijua desturi hiyo, na tangu simu ile ikatike hakuwaza jambo jingine. Ahadi za miaka sita zilikuwa zimempita. Hili moja lilikuwa bado mkononi mwake.

Waliondoka saa tatu kwa gari la Athumani. Athumani alikuwa dereva wa watalii, na kifaa chake kilikuwa kama mboni ya jicho lake: kioo kidogo kilichonatishwa mbele ya usukani, chenye sauti ya mwanamke anayesema kata kulia, kata kushoto. Alikisifu kwamba hakihitaji bando wala mnara, kinasoma njia angani hata porini. Nuhu alikiona kizee. Ramani yake haikuwa imeguswa kwa miaka mingi, ilhali simu hupata habari za barabara mpya zikingali mbichi. Basi wakawasha vyote viwili. Njia nzima mwanamke wa kwenye kifaa anasema, na wa kwenye simu anasema, kama wake wenza waliopewa jiko moja. Siku nyingine wangecheka.

Walipita Kondoa mjini, na saa sita na nusu wakafika njia panda. Kifaa kikasema kushoto. Simu ikasema kulia.

Pembeni pale palikuwa na fundi baiskeli, gurudumu magotini, akiziba pancha. Nuhu alimwona. Athumani naye alimwona. Hakuna aliyeshusha kioo, kwa maana atakayeuliza ndiye atakayekuwa amekiri kwamba chombo chake hakijui. Athumani ndiye mkubwa, na usukani ulikuwa kwake. Akakata kushoto.

Ile njia ilipanda kilima, nyembamba, imekatwa na makorongo. Walikwenda dakika hamsini wakitikiswa kama mahindi kwenye ungo.

"Kaka, hapa hakuna barabara," Nuhu akasema. "Hicho kitu chako kimezeeka. Kinatupeleka kwa ramani ya marehemu babu."

"Kinajua kinakokwenda."

"Kinajua kilikokuwa kinakwenda! Tukikwama hapa, mama anazikwa."

Alilirudia hilo la mama mara tatu, mpaka Athumani akakanyaga breki, akageuza gari. Nuhu akahisi furaha. Ndogo, lakini furaha hasa, ya kumshinda kaka yake. Mama yake amelala ndani ya sanda, na yeye anafurahi kushinda! Baadaye alisema kwamba katika yote ya siku ile, hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Walirudi njia panda, wakampita fundi, wakashika kulia. Huko barabara ilikuwa pana, imechongwa karibuni. Nuhu akaegemea kiti kama bwana harusi. Baada ya nusu saa mtandao ukakata. Ramani ikageuka kijivu, na kile kimshale kikasimama katikati, hakiendi mbele wala nyuma.

"Endelea tu, kaka, barabara si hii hapa?"

"Niendelee wapi? Simu yako imekata kauli." Athumani alikuwa akiingoja nafasi hiyo tangu kilimani. "Tunaweza kutokea Babati hapa. Nilikwambia kitu cha kutegemea mnara si cha kutegemewa."

Mbele yao walikuwepo wanaume watatu wenye kanzu na kofia, wanatembea kwa haraka, mmoja ana jembe begani. Nuhu aliwatazama. Aliona jembe lile, na moyo ukamwambia watu hawa waulizwe. Lakini kuwauliza mbele ya kaka yake ilikuwa sawa na kuizika simu yake hadharani. Akanyamaza. Athumani akageuza gari, na vumbi lao likawafunika wale watu watatu.

Ilikuwa saa tisa na nusu walipofika njia panda mara ya tatu. Safari hii fundi baiskeli alisimama mwenyewe, akapunga mkono.

"Asalaam alaykum, wakubwa. Samahanini, nawaona tangu adhuhuri mnakwenda na kurudi. Nikadhani ni wapima barabara. Mnaelekea wapi?"

"Kwadosa," Nuhu akasema. "Njia ni ipi?"

"Zote," fundi akajibu.

"Zote vipi?"

"Zote zinafika. Hii ya kushoto ni ya zamani, mkivuka kile kilima mmeingia kijijini. Hii ya kulia inazunguka, lakini haina makorongo. Kila moja ni mwendo wa saa moja." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ila leo mtakuta watu wachache majumbani. Kuna mama anazikwa. Waliopita hapa kwa miguu wameshafika zamani."

Athumani akakizima kifaa chake. Nuhu akaizima simu. Wakapanda kilima, na zaidi kidogo ya pale walipogeukia mara ya kwanza, kona mbili tu, mabati ya Kwadosa yakaonekana bondeni.

Watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini, wanakung'uta udongo kwenye kanzu. Mzee Abasi alikuja nyuma yao akichechemea, ameshikwa mkono. Magoti yake yalikuwa mabovu tangu zamani, na sasa yalikuwa yametapakaa udongo mwekundu. Nuhu alipouona udongo ule, akajua ni nani aliyeshuka kaburini.

"Nimemlaza mimi," mzee akasema. "Kuniteremsha walinishika watu wawili, kunitoa wakanivuta wanne."

"Mjomba, kifaa kilitupitisha..." Athumani akaanza.

"Mtandao ulikata, mjomba, tukawa..." Nuhu naye akaanza.

Mzee akainua mkono kuwakatiza.

"Waoshaji walimwacha uso wazi kwa ajili yenu. Baada ya Adhuhuri wakaniuliza, tufunge? Nikasema bado, wanawe wako njiani. Wakaniuliza saa tisa, nikasema bado. Muadhini alipoadhini Alasiri wakaniuliza tena." Akajifuta uso kwa ncha ya kanzu. "Mmepita njia gani?"

"Ya kilimani," Nuhu akasema. "Kwanza tuliipanda tukarudi, tukaenda ile nyingine, huko nako tukarudi."

"Kwa hiyo hamkupotea."

"Hatukupotea, mjomba."

Mzee Abasi aliwatazama, huyu kisha huyu, bila hasira yoyote. Heri angewatukana. Akasema polepole, kama anayejisemea mwenyewe: "Hawakupotea. Walikuwa wanabishana. Kumbe wabishanao njiani huzikiwa mama."

Waliokuwa karibu walisikia, wakarudi nayo majumbani mwao. Kutoka hapo ikaenda sokoni Kondoa, ikapanda magari, ikafika mpaka huku kwetu.

Nuhu alikwenda makaburini peke yake. Tuta lilikuwa limeshashindiliwa, limemwagiwa maji, udongo umelowa bado. Alipiga magoti, akanyoosha mikono yake miwili juu ya tuta lile, viganja juu, kama mtu anayesubiri kupokea mzigo. Akakaa hivyo mpaka Athumani alipokuja akapiga magoti ubavuni pake, naye akanyoosha ya kwake. Mikono minne, wajukuu zangu, na hakuna wa kumbeba.

Wabishanao njiani huzikiwa mama.