Wageni wa Bustani ya Mkawasi

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, kisha mnisaidie kuamua.

Katika milima ya Taita aliishi Nyanya Mkawasi na wajukuu wake watatu. Mghoi alijaliwa jicho: alijua kiumbe gani hupenda ua gani. Kitawi alijaliwa ulimi wa kulainisha watu wagumu. Mkamburi, kitinda mimba, alijaliwa subira, ambayo ndugu zake waliiita uvivu.

Magoti ya Mkawasi yalikuwa yamekataa kuteremka mferejini. Bustani yake ilipata maji asubuhi moja kwa wiki, na kwa desturi ya mfereji ule zamu haigawanywi: bustani moja, jina moja. Asiyetaja mrithi kabla ya mvua za vuli, zamu yake humwendea jirani, na bustani hukauka.

Tena bustani yenyewe ilikuwa imenyamaza. Maboga yalichanua, kisha yakaanguka machanga. Kwa miaka miwili Mkawasi hakumwona chozi, yule ndege mdogo anayemeremeta, akining'inia kwenye ua.

"Nirudishieni chozi, nyuki na vipepeo," aliwaambia. "Atakayewarudisha, zamu ni yake."

Mghoi alianza kwa kung'oa mawaridi.

"We mtoto! Mawaridi yangu!"

"Yamejaa petali, Nyanya. Hata nyuki haoni mlango."

Mahali pake akapanda mishubiri, ambayo maua yake mekundu ni mirija iliyolingana na mdomo wa chozi. Kando ya ukuta akapanda mrehani.

Kitawi hakushika jembe. Alikwenda kwa jirani, Mzee Righa, aliyepulizia kabichi zake dawa kila asubuhi.

"Sasa umekuja kunifundisha kilimo, wewe wa kushinda barazani?"

"Nimekuja kukubebea bomba, babu. Ila tupulizie jioni, nyuki wakisharudi kwao."

Righa akacheka hadi akakohoa, akakubali. Kitawi akalibeba bomba lile msimu mzima, mabega yakamchubuka.

Mkamburi alikaa chini ya mlimau. Viwavi walikuwa wakiutafuna, na ndugu zake wakaja na majivu ya kuwaua.

"Waacheni. Hao ni vipepeo, hawajavaa tu."

"Na wewe ni mkulima, hujaamka tu!" akamtania Kitawi.

Hakubanduka. Aliwafukuza ndugu, akawafukuza kuku, mpaka mlimau ukabaki fito.

Asubuhi moja Mkawasi akajikongoja hadi mlangoni. Chozi wawili walikuwa wakirukaruka kati ya mishubiri na kiota chao. Nyuki walitoka ndani ya maua ya maboga wamejipaka unga wa manjano. Vipepeo weusi wenye madoa walitua juu ya mrehani, wakafungua mabawa taratibu kama watu wanaoanika kanga. Na chini ya jani, boga moja changa lilikuwa limeshika. Mkawasi akaketi kizingitini, chai ikampoa mkononi.

Siku ya mwisho msimamizi wa mfereji akafika. "Mama, nipe jina."

"Ni langu," alisema Mghoi. "Bila maua yangu wangefuata nini hapa?"

"Kwa maua tu, chozi wangepita wakaenda zao," alisema Mkamburi. "Wamejenga kwa sababu ya viwavi. Makinda hawakui kwa utamu wa maua peke yake."

"Na dawa ya asubuhi ingewaacha wangapi?" aliuliza Kitawi, akijipapasa bega.

Mkawasi akawatazama mmoja mmoja. Hakuona mwongo kati yao. Kila mgeni aliyekuwa akiruka pale aliitwa na mmoja, akalishwa na mwingine, akalindwa na wa tatu.

"Mama," msimamizi akamkumbusha kwa upole, "wingu lile linakuja. Jina moja tu."

Haya, nyinyi mliosikiliza. Ketini pale kizingitini alipo Mkawasi: mngemtaja nani?