Bi Nguchiro na Safari ya Maporomoko

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kuhani misiba kama sisi, Bi Nguchiro aliishi na hasira isiyopoa.

Msimu uliopita Nyati na Fisi walimchukua mumewe awapigie kafi, wakafuate chumvi ng'ambo ya maporomoko. Mtumbwi ulipoanza kuyumba, wakamtupa majini. Chubwi! Hakuonekana tena. Matangani hawakuja. Walituma neno tu: "Mtumbwi ulikuwa mzito."

Mzito! Mume wake, aliyekuwa mwepesi kuliko kwato moja la Nyati!

Sasa chumvi imewaishia, nao hao, wamejikalia barazani kwake bila haya, wakipanga safari nyingine.

"Shemeji," akasema Fisi, "wewe na wanao mtapiga kafi mbele. Sisi wakubwa tutajipumzikia nyuma."

"Na mawimbi yakizidi?"

Fisi akacheka, "Kwe-kwe-kwe! Tutajua wa kupunguza."

Moyo ukamtokota Bi Nguchiro kama chungu cha maharage. Akajikaza.

"Nyuma ni pa wanyonge, jamani. Mto ule unaogopa vigogo. Wimbi likimwona mkubwa mbele, linalala lenyewe. Basi, acha nimwite Kiboko akae mbele."

"Kiboko ni nani?" Nyati akafoka. "Mbele ni pangu!"

"Petu!" akadakia Fisi.

Asubuhi wakatia mtumbwi majini. Wakubwa wakajibwaga mbele, Bi Nguchiro na wanawe wakashika kafi nyuma, pua ya mtumbwi ikainama. Maji yakanguruma, nguuu!

"Mbona halilali hili wimbi?" Fisi akapiga yowe.

Gaa! Pua ikagonga mwamba. Nyati na Fisi wakarushwa nje. Mtumbwi ukainuka, mwepesi kama jani.

"Vuteni, wanangu! Kulia! Vuta!" Wakapenya kati ya miamba, wakatulia kwenye maji ya chini.

Huko nyuma wale wawili waling'ang'ania jiwe katikati ya povu.

"Shemeji! Tuokoe!"

Bi Nguchiro akasimama mtumbwini.

"Mume wangu aliitwa nani?"

Nyati akamtazama Fisi. Fisi akamtazama Nyati. Hakuna aliyejua.

"Alikula nanyi, akawapigia kafi, na jina lake hamkuliuliza! Basi kaeni hapo."

Akaenda zake kuchota chumvi. Wale wakakaa juu ya jiwe, njaa ikiwakausha, mpaka mto ulipopungua.

Ndiyo hivyo, wanangu: usimdharau mnyonge, maana kafi iko mkononi mwake.