Taraza ya Bi Kazija

Zama hizo mji wa Zahafa ulikuwa chini ya Sultani Nuhaidi, mwenye majeshi na bustani na tamaa isiyoshiba, na Sultani huyo alimfungua jini Dahmashi kutoka chupani ili amfukulie hazina, na jini alipokwisha kuifukua akataka ujira wake: Ruzuna, mwana pekee wa Bi Kazija, mfumaji wa taraza, mishipi ya kupamba kingo za nguo. Hebu oneni, hazina ale yeye, mwana atolewe wa mwenziwe!

Bi Kazija akaanguka mbele ya jini akilia. Jini akasema, "Ewe mama, sheria yetu ni moja. Kizungushie chumba cha binti yako taraza moja isiyo na kiungo, ncha zishonwe pamoja kabla ya adhuhuri ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, nami sitavuka. Lakini nikiingia chumbani, sitoki mikono mitupu."

Chumba kilikuwa mraba, kila ukuta dhiraa tisa. Bi Kazija akafuma mwezi mzima, vidole vikatoka damu, akafika dhiraa ishirini na saba, akakata uzi. Masikini! Miaka thelathini alifuma taraza za nguo, na nguo hutiwa taraza pande tatu, wa nne ukaachiwa matamvua.

Ijumaa akaitandaza kando ya kuta. Ukuta mmoja ukabaki mtupu.

"Tisa mara nne, Bi Kazija!" Sultani, aliyekuja kutazama, akapiga kelele mlangoni. "Thelathini na sita!"

"Ole wangu," Bi Kazija akasema, "nimemuua mwanangu kwa mkono wangu."

Adhuhuri ilikuwa i karibu, na kuunga hakufai. Akaigawa ishirini na saba mara nne, akapata dhiraa sita na robo tatu, akaivuta taraza mbali na kuta, akamzunguka Ruzuna kwa mraba mdogo. Ikabaki kushona ncha, na mshono wa taraza hufungwa kwa nje.

Jini akaingia, maana njia ya kando ya kuta sasa ilikuwa wazi.

"Mama, ingia!" Ruzuna akalia.

"Nikiingia, nani atashona?"

Akashona. Uzi ulipokaza, jini akamshika mkono Bi Kazija, wakatoweka wote wawili.

Basi Ruzuna akaolewa na mwana wa Sultani, akapewa hazina yote. Nawaambieni, mpimaji asihesabu kwa mazoea ya mkono. Siku ya harusi walimvika dhahabu hata shingo ikainama, naye akawauliza waliomvika, "Mama yangu anakula nini huko?"