Pete ya Jua Haina Paa

Pete ya jua haina paa. Mmeisikia, mmecheka, sasa mwauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na Bi Mwanakheri, mwanamke ambaye uani kwake hapakosi watu. Asubuhi moja wanawake wamejaa kwake wakimenya mihogo, akainua macho, akaona jua limezungukwa na pete kubwa, nyekundu kwa ndani, nyeupe kwa nje. Ilisimama sawasawa juu ya paa la jirani yake wa mashariki, Bi Zawena.

"Oneni, wenzangu! Nyumba ile ina jambo. Jua halivai pete bure."

"Na leo washenga wanakuja kumposa Hidaya, bintiye," mmoja akadakia.

"Ndiyo nasema! Ya ndani kwao Mungu ndiye ayajuaye." Akacheka, nao wakacheka.

Mihogo haijaiva, maneno yamekwisha kuwapokea washenga njiani. Washenga wakageuka pale pale kisimani, wakarudi kwao.

Alasiri Bi Mwanakheri akajitanda kanga kwenda kumpa pole jirani. Pole ilikuwa mdomoni. Hasa alikwenda kuchungulia. Bi Zawena akamtandikia mkeka, akamtilia kahawa. Ndani, kwikwi za Hidaya zilisikika.

"Shoga, ile pete umesema imesimama wapi?"

"Mie? Watu ndio wamesema..."

"Basi geuka."

Akageuka. Jua lilikuwa limehamia magharibi, na pete yake nayo, vile vile kubwa, imekaa juu ya makuti ya nyumba yake mwenyewe.

"Na kwako kuna jambo gani?" Bi Zawena akauliza taratibu, bila hasira. Afadhali angemtukana.

Bi Mwanakheri akaweka kikombe mkekani. Kicheko chake cha asubuhi kilimrudia masikioni, chote. Akaondoka bila kuaga, wala hakupita kwake. Aliwafuata washenga hadi kijiji cha pili, akawakuta wamepumzika barazani, watu tele. Yeye aliyependa watu, siku ile alitamani pawe patupu.

"Rudini, wazee wangu. Maneno yale ni yangu."

"Na ile pete, bibi?"

Akavuta kanga hadi machoni. "Pete ya jua haina paa. Nilikaa kwangu, nikatazama kwa mwenzangu."

Washenga walirudi, na Hidaya akaolewa. Siku ya arusi Bi Mwanakheri alishinda jikoni kwenye moshi, wala hakuna aliyemtuma huko.

Basi mkiona kidole kimenyooshwa kwa jirani, semeni: pete ya jua haina paa.