Mtihani wa Kuingilia

Sifa ni tamu, lakini si kila kichwa kinaweza kuibeba. Mtu akisifiwa sana huiacha kazi akaanza kulinda jina. Ndivyo ilivyokuwa kwa shule moja iliyoanzia kwenye karakana ya seremala.

Mwanzilishi wake alikuwa mwalimu aliyefutwa kazi kwa kukataa kumfukuza mtoto aliyefeli. Alikodi karakana, akafagia maranda, akapanga mabenchi. Wakamjia walioshindikana kwingine. Sharti lilikuwa moja: huvuki ukurasa mpaka umfundishe mwenzako naye aelewe. Wapo waliokaa ukurasa mmoja mwezi mzima. Hakuna aliyewacheka, maana kila mmoja alikuwa na kovu lake.

Mwaka wa sita, wanafunzi wote kumi na mmoja walifaulu mtihani wa taifa. Magazeti yakaandika. Wakubwa wakaja kupiga picha. Wazazi wa watoto hodari nao wakaanza kubisha hodi. Mwalimu akavimba kichwa. Akajenga ukuta na geti, na tangu hapo akawa anaogopa kitu kimoja tu: mwanafunzi wa kumharibia matokeo. Basi akaweka mtihani wa kuingilia.

Asubuhi moja akaja mama mmoja, fundi cherehani, na bintiye wa miaka kumi na minne. Binti hakujua kusoma. Shule tatu zilikuwa zimemkataa. Hii ndiyo iliyokuwa tumaini la mwisho. Alipewa karatasi. Baada ya saa nzima alikuwa ameandika jina lake tu, tena herufi mbili zimepinduka.

"Hajafikia kiwango, mama," mwalimu alisema.

"Kiwango gani, baba? Angekuwa nacho ningemleta kwako kutafuta nini? Hospitali humfukuza mtu kwa sababu anaumwa?"

"Nikimpokea atatushusha. Watu wanatutazama."

"Na huyu je? Si anakutazama pia? Hebu mtazame!"

Mwalimu akainamia karatasi. Hakuinua uso.

Binti akasimama, akamshika mama yake mkono. "Twende zetu, mama. Si nilikwambia? Mimi ni kichwa maji."

Yule mama, ambaye mtaa mzima uliogopa ulimi wake, akamfuata bintiye hadi nje ya geti.

Shule haikudumu. Watoto hodari hawakutaka kumngoja mtu, kwa hiyo sharti la kufundishana likafa. Ilipobaki shule kama nyingine yoyote, wazazi wakaona nyingine zina madarasa mazuri zaidi, wakawahamisha watoto wao. Geti likafungwa kwa mnyororo. Mwalimu alizeeka akisimulia habari za wale kumi na mmoja, na wasikilizaji wakipiga miayo.

Binti sasa ni mama. Mwanawe akiugua, huishika chupa ya dawa mlangoni akisubiri jirani apite amsomee. Siku nyingine jirani hapiti.

Hayo yote yalianza kwa makofi na pongezi. Kweli, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.