Kioo cha Kuagia

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na msikilize kwa haki. Hadithi hii nimeipokea bila mwisho, na mwisho wake nitawadai ninyi.

Makambako, mji wa upepo, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, palikuwa na gereji ya vioo vya magari. Mwenyewe aliitwa Fundi Chaula. Gereji ilikuwa uwanja wazi wenye ukuta pande tatu na geti la bati upande wa nne. Ndani yake walifanya kazi vijana watatu waliokabidhiwa kwake na wazazi wao wajifunze ufundi.

Wa kwanza alikuwa Lwitiko. Kipaji chake kilikuwa mikono. Mpe kikombe cha chai kilichojaa hadi ukingoni, atapanda nacho ngazi na kushuka bila kumwaga tone.

Wa pili alikuwa Skolastika, lakini wote walimwita Skola. Kipaji chake kilikuwa masikio. Aligonga kioo kwa kucha, akakuonyesha mahali ufa ulipojificha kabla jicho halijauona.

Wa tatu alikuwa Yusta, mdogo wa wote na mwembamba kama ufito. Kipaji chake kilikuwa utulivu. Siku moja alikuwa ameshikilia kioo cha lori, nyigu akamtambaa usoni. Yusta hakupepesa hata jicho. Alimwacha nyigu atembee mpaka akachoka mwenyewe akaruka.

"Huyu si mtu," Skola alisema. "Huyu ni jiwe lililovishwa sketi."

Sasa jueni desturi ya gereji ile. Mwanafunzi wa Fundi Chaula hakuondoka kwa kuhesabu miaka. Aliondoka kwa kioo cha kuagia, yaani kioo cha gari la aina ambayo Fundi mwenyewe hajawahi kuigusa. Siku hiyo Fundi hukaa kwenye kigoda, mikono mfukoni, hasemi kitu. Ukikiweka kioo kikashika bila ufa na bila kuvuja, huwaita mafundi wa mtaa mzima na kutangaza, "Huyu nimemfungua." Bila tangazo hilo hakuna gereji itakayokupokea kuanzia Makambako mpaka mpakani. Waliotoroka waliulizwa kila walikokwenda, "Nani alikufungua?" Wakarudi wenyewe, vichwa chini.

Shida ni kwamba Fundi Chaula alikuwa mzee wa kazi, na karibu kila gari lililopita barabara ile alishaligusa. Gari geni la mwisho lilikuwa limepita miaka minne nyuma. Skola alikuwa na mtoto Lupembe, na mtoto huyo sasa alimwita bibi yake mama. Lwitiko alikuwa na mchumba Tukuyu, na wazazi wa mchumba walishatuma ujumbe kwamba wamechoka kusubiri. Yusta hakuwa na mtoto wala mchumba. Alipoulizwa angekwenda wapi, alijibu, "Sijui. Mimi nililetwa tu. Nataka angalau mara moja niende mahali kwa miguu yangu mwenyewe."

Basi, asubuhi moja geti lilifunguliwa likaingia gari ambalo Makambako haikuwa imeliona. Lilikuwa la rangi ya ndimu, fupi hata ukisimama kando yake paa linakufika kiunoni. Milango yake haikufunguka kwa pembeni, ilipanda juu kama mabawa. Kioo chake cha mbele kilikuwa kimepasuka kuanzia kona hadi kona, kwa jiwe lililorushwa na tairi la lori.

Dereva wake, Mwinjuma, alitoka bandarini Dar es Salaam akilipeleka kwa tajiri mmoja ng'ambo ya mpaka.

"Shikamoo, mzee wangu," alimwambia Fundi. "Siku kumi na sita nimekaa gesti ya hapo mbele, gari nimelifunika turubai, nasubiri kioo kiletwe kwa ndege, halafu kwa basi. Ndicho hiki, nimekizungushia godoro. Mimi nimelala sakafuni, kioo kimelalia godoro."

"Marahaba," Fundi alijibu. Alilizunguka gari mara mbili. Halafu akavuta kigoda, akakaa, akatia mikono mfukoni.

Vijana wale watatu walitazamana. Kila mmoja alikuwa ameshaona kwamba hiki ndicho kioo cha kuagia.

Kazi ilianza. Skola alikigonga kioo kipya kwa kucha kuanzia ukingo hadi ukingo, akasema, "Kizima." Yusta aliingia ndani ya gari na Lwitiko akabaki nje. Kioo cha zamani hukatwa kwa waya mwembamba unaopenyezwa kwenye gundi. Mmoja anauvuta ndani na mwingine nje, kwa zamu, kama watu wawili wanaopasua mbao. Waya ulipopenya tu, king'ora cha gari kililia mpaka mbwa wa mtaa wakajibu. Lwitiko akafungua boneti, ambayo kwa gari lile ndiyo inayofunika betri, akachomoa nyaya. Kukawa kimya. Wakaendelea kukata, wakakitoa kioo cha zamani, wakasafisha fremu, na Lwitiko akazungusha gundi mpya pande zote nne, mstari mmoja usiokatika.

Ndipo upepo ukaja. Mnaujua upepo wa Makambako? Haubishi hodi. Uliinua vumbi la uwanja mzima, na vumbi likiingia kwenye gundi, gundi haishiki tena. "Fungeni kila kitu!" Lwitiko alipiga kelele. Skola akaibamiza boneti, maana ilikuwa inakusanya vumbi na kulimwaga kwenye gundi. Yusta akavuta mlango chini akiwa ndani. Lwitiko akabandika vikombe vya mpira vya kushikia kwenye kioo, akakinyanyua, akasimama nacho kifuani.

Hapa sikilizeni alichofanya Lwitiko. Kioo kile ni cha kubebwa na watu wawili, na upepo ulikuwa unakivuta kama tanga. Alisimama miguu imepanuka, hakusogea, anausikiliza upepo kwa mikono. Upepo ulipovuta pumzi kidogo kati ya vumbi na vumbi, alipiga hatua tatu, akakilaza. Mara moja, bila kukisogeza, maana gundi haisamehe mara ya pili. Kikakaa mahali pake kama kifuniko kwenye sufuria yake. Mwinjuma alitaka kupiga makofi, akaogopa kutikisa hewa.

"Toka sasa, Yusta," Lwitiko alisema, anahema.

Yusta alibonyeza kitufe cha mlango. Kimya. Akabonyeza tena.

"Milango yote miwili haina komeo la mkono," Mwinjuma alisema. "Umeme mtupu."

"Basi tuunganishe betri," Lwitiko alisema.

Akamgeukia Skola. "Fungua boneti."

Skola alishika boneti akavuta. Haikusogea. Mwinjuma akajishika kichwa. "Na hiyo nayo ni umeme, bi dada."

Wakaelewa wote kwa pamoja. Mlango ulitaka betri, na betri ilikuwa chini ya boneti, na boneti yenyewe ilitaka betri. Vioo vya pembeni vilikuwa vimefungwa tangu asubuhi, navyo ni vya umeme. Jua la saa sita lilikuwa juu ya gari. Walijaribu kuinua turubai liwe kivuli, upepo ukalinyakua ukalitupa ukutani.

Skola aligonga kioo kipya taratibu, uso ukambadilika. "Kona ya juu inaachia. Hewa ya ndani imepata joto, inakisukuma."

Hapa sasa sikilizeni alichofanya Yusta. Alikuwa amefungiwa kwenye kisanduku cha moto chenye harufu ya gundi. Gundi ilikuwa mbichi. Teke moja tu la mguu wake lingekitoa kioo, naye angekuwa nje anavuta upepo. Badala yake alichukua kikombe cha mpira alichokuwa nacho ndani, akakibandika kwenye kona ile iliyokuwa inaachia, akajining'iniza kwa uzito wake wote, akiivuta kona irudi chini. Akafumba macho. Akaanza kuvuta pumzi chache, ndogondogo. Jasho lilimtiririka kwenye viwiko.

Fundi Chaula alitoa mikono mfukoni, akachukua nyundo.

"Fundi, kioo cha pembeni nacho hakipatikani!" Mwinjuma alisema.

"Kioo ni kitu gani? Mtu kwanza!" Fundi alijibu, akaenda hadi kwenye mlango.

Lakini gari likitoka na kioo kimoja kizima na kingine kimevunjwa, hakuna ambaye angefunguliwa siku ile. Yusta alifumbua macho, akaiona nyundo. Kwa kidole cha mkono mmoja, mwingine ungali unaning'inia, aliandika kwenye vumbi lililoshika kioo cha pembeni kwa ndani. Kwa waliokuwa nje, herufi zilikwenda kinyume.

Skola alizisoma. "Anasema BADO."

Fundi alishusha nyundo. "Nampa mpaka kivuli cha ukuta kiguse tairi. Kikigusa, navunja."

Kivuli kilikuwa umbali wa viganja viwili.

Hapa nako sikilizeni alichofanya Skola. "Waliotengeneza hili gari si wajinga," Mwinjuma alikuwa anasema, "lazima kuna kamba ya dharura mahali, lakini mimi sikuonyeshwa." Skola hakusubiri amalize. Alijilaza chini kifudifudi, akaingiza kichwa kwenye tundu la tairi la mbele, akawaambia wote wanyamaze. Akaanza kugonga plastiki ya ndani kwa kucha. Akagonga, akasikiliza, akasogea. Upepo ulivuma, akasubiri, akagonga tena. Mahali pengi palijibu kwa sauti moja. Kivuli kilikuwa kimebakiza upana wa vidole viwili alipogonga sehemu moja nyuma ya taa, pakajibu kama debe lenye punje moja ya mahindi. Aliipasua plastiki kwa kucha mpaka damu ikamtoka, akaingiza vidole, akakuta kitanzi cha waya. Akavuta.

Boneti ilishusha pumzi ikainuka.

Lwitiko akaunganisha betri. Yusta akashusha kioo cha pembeni kidogo tu, hewa ya moto ikatoka, kona ya juu ikatulia. Ndipo mlango ukapanda. Yusta alitoka ameloa kama aliyetolewa kisimani, akakaa mavumbini. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Kimeshika?"

Skola alikigonga kioo pande zote. "Kimeshika."

Alasiri Fundi alimwaga ndoo tatu za maji juu yake. Halikupenya tone.

Hapo ndipo furaha ilipoishia.

"Nimekiweka mimi," Lwitiko alisema. "Kinaitwa kioo cha kuagia, hakiitwi boneti ya kuagia."

"Umekiweka, kikaanza kung'oka," Yusta alijibu. "Aliyekishika mpaka kikashika ni nani?"

"Na wewe ungekishika mpaka lini? Mpaka tukuzike nacho?" Skola aliuliza. "Bila mimi kingevunjwa cha pembeni, na tungekuwa wote hapa tunapangusa vioo vya malori."

"Bila wewe, dada?" Lwitiko alimrukia. "Boneti aliifunga nani?"

"Na betri aliichomoa nani? Na mlango aliuvuta nani, shetani?" Skola alijibu.

Na ilikuwa kweli. Watatu waliuokoa mchana ule, na watatu hao hao waliutega.

Fundi alimgeukia Mwinjuma. "Wewe ni mgeni, huna upande. Amua."

"Mzee wangu, mimi dereva, si kadhi. Nikiamua, wawili watanilaani, na njia ya Tunduma ina kona nyingi." Akaingia garini, akaondoka polepole, anausindikiza mlango kwa mkono kama anayefunika mtoto aliyelala.

"Fundi," Lwitiko alisema kwa sauti ya chini, "si utufungue wote?"

Fundi alikataa. "Kioo kimoja hufungua mtu mmoja. Ndivyo nilivyofunguliwa. Nikiwatoa watatu kwa kioo kimoja, kila mmoja ataondoka na theluthi ya ufundi, na huko mbele atakuwa peke yake. Nani atapanda basi lenye theluthi ya kioo?"

"Na watakaobaki?"

"Watasubiri gari geni lingine."

"Mpaka lini?"

Hilo Fundi mwenyewe hakulijua.

Asubuhi iliyofuata alipofika, aliwakuta nje ya geti, na mafundi wa mtaa wameshakusanyika. Hakuna aliyekuwa amevaa nguo za kazi. Skola alikuwa amevaa gauni la kanisani, vidole vimefungwa kitambaa. Lwitiko alikuwa amenyoa ndevu. Yusta alikuwa amesimama katikati yao. Mbele ya miguu yao, kwenye vumbi, yalikuwa mabegi matatu, yote yamefungwa zipu, yote yamejaa.

Basi la Mbeya, njia ya Tukuyu, lilikuwa linapiga honi stendi, na la Njombe, njia ya Lupembe, nalo limewasha injini. Fundi Chaula aliyatazama mabegi, moja baada ya jingine. Akawatazama wenyewe. Wawili kati yao wangeyabeba mabegi yao kuyarudisha ndani, na kila mtu pale alilijua hilo. Akavuta pumzi ili ataje jina.

Mimi nilipoipata hadithi hii, ilikoma hapo, na tangu hapo nimeyataja majina yote matatu moyoni, na kila nikitaja moja, mawili yananiuma. Ninyi mmeyasikia yote, na hakuna nililoficha. Yupo aliyekiweka, yupo aliyekishika, yupo aliyewatoa kwenye mtego. Haya, semeni, na asiyekubali naye aseme: kama pumzi ile ingekuwa ya kwako, lingetoka jina la nani?